Mwita boti wa Baraka anayejifunza kunyamaza uwanjani

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Bertin Asende amesimama ndani ya Ziwa Tanganyika, katika mji wa Baraka mashariki mwa Kongo, maji yakimfika magotini, kiganja kimoja kikiwa ubavuni mwa boti. Nyuma yake wanaume kumi na mmoja wameegemeza mabega kwenye mbao. Boti ina urefu wa mita kumi na tatu, imerudi kutoka Kalemie ikivuja, na mwenye boti anataka ifike juu mchangani mapema ili fundi aanze kuikalafati, yaani kuziba nyufa zake.

“Bukari na nini?” anaita Bertin.

“Na ndagala!” wanaitikia wote, na neno ndagala linapotoka mabega yanasukuma. Boti inapanda kama nusu mita.

Bukari ni ugali wa huku, na ndagala ni wale samaki wadogo wanaoanikwa kila mahali penye nafasi. Wito wenyewe hauna siri yoyote. Bertin anauliza, wengine wanajibu, na jibu ndilo linalosukuma. Baada ya dakika ishirini boti imetua juu, na fundi ameshaanza kuipigapiga mbao kwa nyundo. Kazi hii inalipa faranga elfu thelathini, zinagawanywa kwa watu kumi na wawili. Siku nzuri huja boti tatu. Siku mbaya haiji hata moja, na wavuta boti wanashinda wakibishana kuhusu mpira.

Leo ni Alhamisi, na mabishano ni kuhusu Jumapili. Siku hiyo klabu ya raga ya Kiboko, ambayo Bertin ni namba mbili wake, itawakaribisha Uvira katika mechi ya mwisho ya msimu. Mshindi atakwenda Bukavu kwenye mashindano ya mkoa. Bertin ana miaka arobaini na mitatu na amekwisha kumwahidi mkewe kwamba huu ni msimu wake wa mwisho. Lakini hana hakika kama atacheza. Kocha amemwambia mbele ya timu nzima kwamba akifungua mdomo kwenye mele, anatoka.

“Mi ninaita boti miaka ishirini na mbili,” anasema, akikamua maji kwenye suruali. “Baba aliita, mi nikafuata. Leo ananiambia nyamaza. Sasa bale bengine batasukuma namna gani?”

Mele ndiyo sehemu ya raga inayowashangaza wageni wa mchezo. Wachezaji wanane wa kila upande wanainama, wanashikana jezi, wanafungana mabega, kisha wanasukumana na wanane wa upande wa pili huku namba tisa akiingiza mpira katikati yao. Sheria ni moja na haina huruma. Hakuna ruhusa ya kusukuma kabla mpira haujatoka mikononi mwa namba tisa.

Kiboko ilianza miaka minane iliyopita, wakati Nicolas Byaunda, mwalimu wa fizikia, aliporudi kutoka masomoni akiwa na mipira miwili na kitabu cha sheria. Hakupita kwenye viwanja kutafuta wachezaji. Alikwenda ufukweni.

“Sikutafuta batu ya mbio,” anasema kocha huyo. “Nilitafuta batu benye kuzoea kusukuma kitu kizito pamoja, bila kuachana. Nilipobaona bakivuta boti, nikasema hii mele iko tayari.”

Kweli ilikuwa tayari. Kati ya wanane wa mbele, sita ni wavuta boti. Hawana mashine ya kufanyia mazoezi na hawajawahi kuihitaji; wanasukuma boti asubuhi kwa ajili ya chakula, na jioni wanasukumana wenyewe kwa ajili ya raha. Uwanja wao wa kwanza ulikuwa karibu na maji, ziwa likapanda na kuuchukua. Sasa wanatumia kiwanja cha parokia, ambako akina mama huanika mihogo. Kabla ya kila mazoezi wachezaji huwasaidia kuikusanya, na ndiyo maana jezi za Kiboko, ambazo zilinunuliwa za kijani, zina unga mgongoni.

Msimu ulianza vizuri. Waliwafunga timu ya mji wa Mboko nyumbani pointi kumi na tano kwa tatu. Kule Uvira walipoteza kwa tofauti ndogo, wakiwa bila winga wao Vainqueur aliyelala na malaria. Ikafuata mechi ya marudiano huko Mboko, na kila mtu aliihesabu kuwa wameshaishinda kabla ya kuchezwa.

Mboko nao ni watu wa ziwa. Nao wanavuta boti.

Mele ya kwanza siku hiyo, Bertin akaita kama kawaida, kwa sauti ya chini, na wenzake wakasukuma kwenye ndagala. Namba tisa alikuwa bado ameukumbatia mpira. Mwamuzi akapiga filimbi. Mele ya pili, vilevile. Huko nyuma waamuzi walikuwa wakiliacha jambo hilo lipite, lakini huyu alikuwa mgeni na alikuwa amesoma kitabu chote.

Wakati wa mapumziko Bertin aliapa kwamba hataita tena, na hakuita. Aliyeita alikuwa Mama Gentille, muuza karanga wa Mboko, aliyekuwa amekaa na beseni lake pembeni mwa mstari. Alikuwa amesikia vya kutosha kipindi cha kwanza. Mele ilipofungwa, kila mtu kimya, mama akanyanyua kichwa na kuuliza kwa sauti ya sokoni: “Bukari na nini?”

Wanaume saba wa Kiboko walisukuma kama mtu mmoja. Wawili walijibu kabisa.

Uwanja mzima ulianguka kwa kicheko, hata mwamuzi alichelewa kupiga filimbi. Mama Gentille, naye hakuwa na haya, aliuliza mara mbili zaidi kabla mechi haijaisha, na mara zote alijibiwa. Mboko walipata pigo la adhabu, wakalipiga, wakashinda tisa kwa nane.

“Nilikuwa ninauliza tu,” Mama Gentille anasema sasa, akicheka mpaka anafuta macho. “Si ni bao benyewe njo balijibu?”

Kwa Bertin haikuwa jambo la kucheka. Anasema alirudi Baraka juu ya mzigo wa lori, uso ameufunika kwa jezi, na kwa siku mbili hakwenda ufukweni. Mkewe, Arlette, anayeuza unga wa mihogo sokoni na humwita mumewe kwa jina la mtoto wao, anakumbuka siku hizo vizuri.

“Nyumba ilikuwa kimya, mi nikaogopa,” anasema. “Huyu muntu hanyamazaka. Hata akiwa usingizini anaita boti. Nikamuambia, Papa Chérie, mupira haiko kifo.”

Kocha Nicolas alirudia kuangalia mechi hiyo kwenye simu ya mtu. Aligundua kitu ambacho kelele zilikuwa zimekificha: waliosukuma walikuwa saba, na mele ina watu wanane. Mmoja hakusogea hata mara moja. Alikuwa namba moja, anayesimama kushoto kwa Bertin. Jina lake ni Gakunzi.

Gakunzi ana miaka ishirini na saba. Alishuka kutoka Bibokoboko, kule milimani, miaka kadhaa iliyopita pamoja na mama yake na dada zake, vita vilipowafikia, na hawajarudi. Ng’ombe wao hawapo tena. Sasa anachunga ng’ombe sita wa mtu mwingine kando ya mji na kuuza maziwa kwa baiskeli. Hajawahi kuvuta boti. Alijiunga na Kiboko kwa sababu kocha alimwona akiinua baiskeli na madumu yake yote kuvuka mtaro.

Si kila mtu alimfurahia. Kuna waliouliza, bila kupunguza sauti, mtu wa milimani anatafuta nini kwenye timu ya Baraka. Bertin anakiri kwamba mwaka wa kwanza hata yeye alimshika jezi kwa vidole viwili.

“Siongopi,” anasema. “Ulikuwa wakati mubaya. Kila muntu alikuwa na wake aliyekufa.”

Kocha alipomwuliza Gakunzi kwa nini hakusukuma siku ile ya Mboko, jibu lilikuwa fupi. Alikuwa akiangalia mpira.

“Ule wimbo yabo mi siujuwi,” anaeleza, akifunga dumu kwenye baiskeli. “Kwetu ng’ombe haisukumwe na kelele. Ukifika kwenye muto, unangoja ile ya mbele itie muguu ndani ya maji. Ikitia, njo unagusa ya nyuma. Ukiharakisha, zote zinageuka.”

Hapo ndipo mpango mpya ulipozaliwa, na ndipo Bertin alipokasirika. Gakunzi, aliye karibu zaidi na namba tisa, atautazama mpira. Ukitoka mkononi, atamminya Bertin begani. Bertin atasukuma, na wengine watamfuata kwa kuhisi mwili wake. Hakuna kuita. Hakuna kujibu.

Mazoezi ya Jumanne yalikuwa mabaya. Kila mara Bertin alivuta pumzi ya kuita, na kila alipovuta pumzi wenzake walisukuma, kwa sababu walikuwa wameizoea hata pumzi yake. Willy, namba nane, aliteguka bega kidogo. Kocha akatoa onyo lake. Gakunzi, ambaye ni mdogo kwa Bertin kwa miaka kumi na sita, alimfuata pembeni.

“Muzee, uniamini tu,” alimwambia. “Sitakuminya bure.”

“Na ukikosea?” Bertin aliuliza.

“Nikikosea tutaanguka pamoja. Si umenishika?”

Alhamisi jioni, akina mama wakiwa wameondoa mihogo, Bertin aliomba wafanye mele mara thelathini. Alijitia kitambaa mdomoni. Katika mele ya kumi na nane walianza kwenda sawa.

Jumapili, uwanja wa parokia unajaa tangu saa nane. Watu wa Uvira wamekuja na malori mawili na wamekwisha kusikia habari za Mama Gentille. Bertin anaanza mechi. Vainqueur amerudi, mwembamba lakini ana mbio zilezile. Willy anacheza akiwa amefungwa bendeji.

Mele ya kwanza Kiboko wanarudishwa nyuma mita mbili. Wamenyamaza, lakini wamenyamaza kila mtu peke yake. Uvira wanapata pointi saba, baadaye tatu. Mashabiki wa nyumbani wanaanza kumpigia kelele Bertin aite. Yeye anainamisha kichwa. Kabla ya mapumziko Kiboko wanajipatia tatu kwa pigo la adhabu, na kipindi cha pili Vainqueur anakimbia pembeni na kuweka mpira chini nyuma ya mstari. Kumi kwa nane.

Zikiwa zimebaki dakika nne, mwamuzi anaamuru mele mita tano kutoka mstari wa Uvira, na mpira ni wa Kiboko. Wanaume kumi na sita wanafungana. Kutoka upande wa malori ya Uvira, sauti kama arobaini zinauliza kwa pamoja: “Bukari na nini?”

Hakuna anayesogea.

Wanauliza tena, kwa nguvu zaidi, na safari hii hata baadhi ya watu wa Baraka wanajibu kwa kujisahau. Namba tisa bado ana mpira. Bertin anaonekana ameuma jezi ya begani mwake. Kisha mpira unaingia, vidole vya Gakunzi vinaminya, na Kiboko wanakwenda. Hawaendi kwa kasi. Wanakwenda kama boti inavyopanda mchangani, nusu mita, tena nusu mita, mpaka Willy anaanguka juu ya mpira nyuma ya mstari. Kumi na tatu kwa kumi, na ndivyo inavyokwisha.

Uwanja unavamiwa. Watu wanambeba Willy, wanambeba kocha. Gakunzi amekaa chini akifungua viatu, na mzee mmoja asiyemfahamu anampa chupa ya maji. Bertin amesimama peke yake karibu na goli, anatokwa na machozi na hajifichi.

“Nilifurahi sana,” anasema anapoulizwa. “Tena niliumia. Nilikuwa ninafikiri bila sauti yangu habawezi. Kumbe banaweza. Ile kitu inauma, usidanganye kwenye gazeti yako.”

Safari ya Bukavu imesogezwa mara mbili kwa sababu ya barabara, na tarehe mpya haijulikani. Kocha amesema Bertin atakwenda, akiwa mchezaji, na Arlette amekubali ahadi ya mumewe isogezwe mbele kwa mechi hizo tu. Jezi namba mbili baadaye atapewa Gakunzi. Ufukweni kazi inaendelea. Ufukwe umekuwa mwembamba, na boti bado haziwezi kupanda zenyewe.

Lakini mpango ambao Bertin anauzungumzia zaidi si wa Bukavu. Kutoka mahali anapovutia boti, asubuhi isiyo na ukungu, milima inaonekana yote. Huko juu, Gakunzi amemwambia, kuna uwanda wa majani mafupi, tambarare, usio na jiwe hata moja, ambao ng’ombe waliunyoosha kwa miaka mingi. Unatosha viwanja viwili. Bertin amekua akiitazama milima hiyo na hajawahi kuipanda hata siku moja. Gakunzi mwenyewe, kwa sasa, hawezi kurudi kwa sababu ya vita.

“Siku njia itafunguka, tutapanda na timu yote,” anasema Bertin. “Yeye atakuwa mbele. Mi nitakuwa nyuma yake, nimeshika jezi yake hivi, na kama batu banatuuliza njiani huyu ni nani, mi njo nitajibu.”