Nilimsingizia Fundi Aliyeifundisha Mashine Yetu

Mimi ndiye niliyesema uongo. Naanzia hapo kwa sababu nikianzia mahali pengine nitaanza kujitetea, na nimejitetea vya kutosha.

Sikilizeni basi, ndugu zangu. Wale niliofanya kazi nao hawapokei tena simu zangu, na mamangu hataki tulizungumze jambo hili ndani ya nyumba yake. Nimebaki na nyinyi. Majina ya watu nimeyabadilisha.

Nina miaka thelathini na mmoja, mzaliwa wa karibu na Kerugoya. Nilisomea mambo ya umeme na mashine, nikaajiriwa na kampuni moja mjini Nyeri. Kazi yetu ilikuwa kutengeneza mashine za watu: vinu vya mpunga kule Mwea, vya ngano Timau, mashine za kahawa huku milimani. Mashine ikiharibika, mwenyewe anapiga simu, fundi anatumwa. Kampuni iliishi kwa kuharibika kwa mashine.

Fundi mkuu wetu nitamwita Mzee Gachoki. Huyo ndiye aliyenipokea nilipokuja kujifunza kazi, msichana ambaye hata spana anaishika vibaya. Wengine walinicheka. Yeye alinipa ovaroli yake ya zamani, nikaikunja mikono mara tatu, akaniambia, "Mami, hii kazi si ya nguvu. Ni ya masikio. Mashine kabla iharibike inakuambia, ni vile tu watu hawasikizi."

Alikuwa akiweka ncha ya bisibisi kwenye mota, mpini wa mbao anauweka sikioni, anafumba macho. Anakaa hivyo kidogo, kisha anasema, "Beringi ya nyuma. Iko na wiki mbili." Na wiki mbili zikifika, haki ya Mungu, beringi, ile bangili ya chuma inayoshika mhimili unaozunguka, imekwisha!

Basi, miaka miwili iliyopita bosi wetu alikwenda semina Nairobi, akarudi na maneno mapya. Alituita mimi, niliyekuwa nimehamishiwa ofisini, na wenzangu wawili. "Hatutauza tena kutengeneza," akasema. "Tutauza mashine isiyosimama."

Mpango wenyewe ulikuwa hivi. Mwenye kinu analipa kila mwezi, mashine yake iwe nzima au mbovu. Sisi tunambandikia kifaa kidogo kwenye mota, kinasikiliza mtetemo saa zote. Akili bandia inasoma ule mtetemo na kuonyesha rangi kwenye simu. Kijani, endelea. Njano, fundi aje. Nyekundu, zima sasa hivi.

Lakini ile akili bandia ilikuja haijui kitu! Ilitaka kufundishwa. Ilitaka sauti nyingi za mashine, na mtu wa kuiambia hii ni nzima, hii ina ugonjwa, na ugonjwa wenyewe ni huu.

"Nani anajua hizo sauti?" bosi akauliza.

Nikajibu haraka, kama mtoto anayejua jibu darasani. "Mzee Gachoki."

"Vizuri. Mkae naye mrekodi kila kitu. Ikishajua, mafundi wazee tutawaachilia. Lakini msiwaambie sasa, watakataa."

Nikaitikia kwa kichwa. Oneni hapo! Hakuna aliyenilazimisha. Niliitikia tu, nikafungua daftari.

Miezi saba tulizunguka pamoja. Asubuhi tunatoka Nyeri tumevaa masweta mawili mawili, tukifika Mwea tunayavua, jua linachoma na vumbi la pumba linaingia hadi kwenye meno. Mimi nashika kifaa cha kurekodi, yeye anafumba macho na kusema. "Hii ni belti imelegea." "Hii ni puli, gurudumu la belti, haijakaa sawa." "Hii inalia hivi kwa sababu mpunga haukukauka vizuri, usiweke hapo ati ni mgonjwa." Kitu ambacho wenzangu wa ofisini wasingekijua hata kwa miaka kumi, yeye alikitoa bure, tena kwa furaha.

Siku moja tukiwa Timau, tumeketi kwenye magunia ya ngano tunakula nduma alizofungiwa na mkewe, aliniuliza, "Sasa hii kitu ikishajua kila kitu, mimi nitakuwa wapi?"

Hapo ndipo ningemwambia ukweli.

"Utakuwa mwalimu wake, Mzee," nikamwambia. "Vijana wote watajifunza kutoka kwako."

Akacheka, akamwaga chai kwenye kifuniko cha thamosi, akanipa mimi ninywe kwanza. Nikanywa. Woi! Nilikunywa chai ya mtu huyo nikijua!

Siku ya kuzindua, wenye vinu walikuja kutoka Embu na Meru. Nilisimama mbele na kueleza jinsi "tulivyokusanya data." Jina lake sikulitaja hata mara moja. Yeye alikuwa ameketi nyuma, amevaa tai, akipiga makofi.

Wiki mbili baadaye akapewa barua ya kuachishwa kazi. Mimi nikapewa ofisi yenye dirisha. Alikuja kurudisha funguo za stoo, akaziweka juu ya meza yangu. Akarudi kwake Mwea.

Nisidanganye tena: kile kitu kilifanya kazi. Vinu vingi viliokolewa kabla havijasimama, na watu walituheshimu. Nami nikaanza kuamini kwamba ujuzi ule ulikuwa wangu.

Mwaka jana tukapata kinu kipya pale Mwea. Mashine yenyewe ilikuwa ya aina ngeni, hatukuwahi kurekodi sauti yake. Nilijua. Bosi alikuwa na haraka, tukabandika kifaa hivyo hivyo. Mwendesha mashine alikuwa baba mmoja mpole, nitamwita Murimi, katibu wa kanisa lao.

Jumanne asubuhi simu yangu ikalia. Mzee Gachoki! Hatukuwa tumeongea tangu aondoke.

"Mami, niko hapa kwa Murimi, nimeleta mpunga kukoboa," akasema. Hakuniuliza hali, hakunilaumu. "Hii mashine inalia. Beringi ya upande wa puli. Mwambieni azime leo."

Nikafungua mfumo kwenye kompyuta. Kijani.

"Mzee, mfumo unaonyesha iko sawa."

"Huo mfumo ni mimi niliufunza. Hii sauti sikuifunza, kwa sababu hii mashine hatukuwahi kuona. Zima."

Jamani, alikuwa anasema kweli, nami nilijua ni kweli. Lakini Ijumaa hiyo wageni, wenye vinu waliotaka kujiunga nasi, wangekuja kukiona kinu hicho hicho kikifanya kazi. Kukizima kungemaanisha kumwambia bosi kwamba kijani chetu si kijani. Tena kungemaanisha kusema nimejuaje. Ningejibu nini? Kwamba mzee tuliyemfukuza amesikia kwa masikio yake?

Nikamwambia kwa sauti ya ofisini, "Mzee, wewe si mfanyakazi wetu tena. Tafadhali usiwasumbue wateja."

Akasema, "Sawa," na simu ikakatika.

Alhamisi, saa nne asubuhi, beringi ilikwama. Puli ikapasuka, belti ikakatika na kuruka, na mkono wa kulia wa Murimi ukavutwa ndani. Vidole vitatu vilikwenda.

Niliposikia nilikaa chini sakafuni. Lakini msidhani nililia kwa ajili yake. Kitu cha kwanza nilichofanya, Ngai wangu, ni kufuta ile simu ya Jumanne kwenye orodha yangu.

Bosi akaniita. Alikuwa jasho tupu. "Kulikuwa na onyo lolote?"

"Hapana," nikasema.

"Sasa ilikuwaje?"

Hapo ningenyamaza tu, ingekuwa dhambi moja. Lakini nilitaka aache kuniangalia. Nikasema, "Mzee Gachoki ameonekana pale wiki hii. Labda alichezea kifaa. Si unajua aliondoka na uchungu?"

Maneno mafupi tu! Yalinitoka kama mate.

Bosi akapiga simu mbele yangu. Jioni hiyo polisi walimchukua mzee kutoka shambani kwake, na matope ya mpunga miguuni, majirani wakiangalia. Walimweka ndani siku mbili, kisha akaachiliwa kwa dhamana. Kanisani aliambiwa akae kando kwanza katika wazee wa kanisa, mpaka mambo yajulikane. Sokoni watu walianza kumwita "yule wa kinu." Fundi ambaye hakuna kinu Mwea ambacho hakijapita mikononi mwake!

Mimi niliendelea kwenda kazini.

Wiki ya tatu kampuni ikanituma hospitali ya Kerugoya nimpelekee Murimi matunda na barua ya pole. Nilimkuta ameketi kitandani, mkono umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko, akijaribu kuandika kwa mkono wa kushoto. Mkewe alikuwa amemshikia karatasi isiteleze.

Nikasema yale maneno ya ofisini. Akayasikiliza yote kwa adabu. Halafu akasema, "Mzee Gachoki aliniambia nizime, ujue. Siku hiyo ya Jumanne. Nikamwambia wacha kwanza upigie kampuni."

Akaweka kalamu chini, akaendelea.

"Aliongea na simu, akarudi. Nikamuuliza wamesema nini. Akaniambia, 'Nimeongea na yule msichana niliyemfunza. Amesema iko sawa.' Mimi nikafikiria, kama ni mtu wake amesema, basi iko sawa. Nikawasha."

Alisema hivyo bila hasira. Hakujua msichana mwenyewe ndiye amesimama mbele yake na mfuko wa machungwa.

Nikamwambia. Sijui nguvu nilitoa wapi. Nikasema, "Ni mimi." Mkewe aliiacha ile karatasi ikaanguka. Murimi akageuza uso ukutani. Nikatoka.

Nilirudi kwa bosi siku hiyo hiyo na kumweleza yote. Alifunga mlango. "Haya mambo usiyaandike popote," akasema. "Tutashtakiwa sisi. Yule mzee kesi yake itaisha tu, hakuna ushahidi." Niliona kwamba alikuwa ananiokoa, na nikaona pia kwamba nilikuwa nataka kuokolewa. Nilikaa wiki nzima nyingine nikitaka hivyo.

Halafu nikaenda kituo cha polisi kule Mwea, nikaandikisha taarifa. Afisa aliandika polepole, akainua kichwa na kuniuliza, "Kwa nini unakuja saa hii?" Nikamwomba aandike tu.

Kesi ya mzee ilifutwa. Mimi nilifutwa kazi, na kesi yangu mimi, ya kudanganya, bado inaendelea. Mamangu alihama kanisa, kwa sababu pale kwao kila mtu ana jamaa Mwea.

Nilienda nyumbani kwa Mzee Gachoki. Mkewe, Mama Njeri, alinifungulia, akanionyesha kiti. Nyinyi mnajua nyumba za kwetu: hata adui anapewa chai. Nilikaa saa nzima, na chai haikuja.

Mzee alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya magoti.

"Mimi kuachishwa kazi haikuniuma sana," akasema. "Kampuni ni kampuni. Hata vile ulinificha tukirekodi, nilikuwa nimeanza kushuku, nikasema wacha tu, ni mtoto. Lakini ulisema ati niliharibu mashine. Mimi? Mimi niharibu mashine na mtu amesimama hapo?"

Nilimwona akitafuta leso mfukoni na kuikosa.

"Nisamehe, Mzee."

"Yangu nitajaribu. Vidole si vyangu. Hivyo enda kwa Murimi."

Nimeenda kwa Murimi mara mbili. Mara ya kwanza hakutoka nje. Mara ya pili alitoka, akasimama mlangoni, akasema, "Bado, dada. Bado." Nitaenda tena.

Kanisa lilimwita mzee arudi kwenye kiti chake cha wazee. Alikataa. Anaketi benchi la mwisho, ibada ikiisha anatoka bila kusalimia watu. Mashine hagusi tena. Wenye vinu wanamfuata wakimwomba awasikilizie tu, hata bila kushika spana, na anawaambia masikio yamezeeka. Ni uongo. Mimi najua ni uongo, na ni mimi niliyemfundisha kuusema.

Siku hizi natengeneza pampu za maji kwenye kibanda kimoja Karatina. Ile kampuni ipo, vifaa vyake viko kwenye vinu vingi zaidi, na vinasaidia watu. Sipigani navyo. Nawaambia tu nyinyi mnaotumwa kama mimi, mwende na kalamu na mashine ya kurekodi mkachukue alicho nacho mtu kichwani. Kama bosi amekuambia kitakachompata mtu huyo, mwambie kabla hujafungua daftari. Jina lake litaje mbele ya watu. Na akikupigia simu siku moja akuambie kuna hatari, aibu ya kukosea mbele ya wageni isikuzuie. Zima mashine. Wageni watacheka, watakula, watarudi kwao.

Na kama tayari umesema uongo, nenda leo ukauondoe. Usingoje. Kitu nilichotakiwa kusema kilikuwa maneno mawili tu, "Alinipigia simu," na nilichukua wiki nne kuyatoa mdomoni, mtu asiye na hatia akipita sokoni ameinamisha kichwa.