Mpelelezi wa Kijapani Kaniadhiri kwa Shemeji

Mwenzenu nimeadhirika, na wa kulaumiwa ni mpelelezi mmoja wa Kijapani ambaye hata hayupo duniani, yumo vitabuni tu. Kila akitaka kumfichua muuaji, huwakusanya watu wote chumba kimoja, akazungumza mpaka wakachoka, kisha akanyoosha kidole.

Basi dele letu la shaba la kahawa, alilokuja nalo mama kutoka Unguja, likapotea. Nami nikawakusanya wageni wetu wote wa Idi sebuleni kwangu, hapa Ibra, Omani. Nikaeleza nani alikaa wapi na nani alitoka na kapu. Moyoni nilikwishamshika shemeji yangu Seif. Siku ya Idi alikataa kahawa, na mtu anayekataa kahawa ana lake jambo!

Ile nainua kidole tu, mke wangu Zuwena akaingia na chetezo cha udi. Jamani, udi ukishapita mgeni haketi tena. Watu wakajifukiza ndevu, wakainuka kutafuta viatu.

Nikapandwa na hasira, nikaziba mlango. "Hatoki mtu! Zuwena, nani kakwambia ulete udi? Mwizi ni kaka yako!"

Zuwena akaweka chetezo chini, akaingia ndani, akarudi na dele mkononi, linafuka mvuke.

"Nilitaka kukusitiri, hutaki. Haya jamani, kaeni mnywe kahawa. Dele nimelikuta mlipokuwa mkihojiwa hapa, ndani ya buti la gari ya huyu mume wangu, tangu alipokwenda nalo mandari kule Al Kamil."

Kikombe cha kwanza akampa kaka yake. Seif akanywa taratibu, akanitazama, akaomba cha pili.