Sala ya Kumsema Kaisari

Wajukuu zangu wanaiombea serikali kama watu wanaoharakisha chakula kisipoe. "Ee Mungu, wabariki viongozi wetu, amina," halafu hao, wanakwenda zao. Nikiwasikia nawaka moto. Kama kweli unamtakia mtu heri, mbona huna la kumwambia Mungu juu yake? Mimi nilifundishwa kusali huku bara, Nyangamara, na sala yetu iliwahi kumtia mume wangu mnyororo shingoni.

Kabla hatujabatizwa, mkubwa wa kijiji aliombewa kwa unga wa mtama. Wazee waliumimina chini ya mti ukasimama kama kichuguu kidogo cheupe, na hapo kila mwenye kinyongo na mkubwa yule alikitoa hadharani, mwenyewe kakaa anasikia. Umemnyang'anya fulani shamba lake. Umekula mbuzi wa yatima. Yakiisha yote ndipo anaombewa afya na mvua. Unga ulilala palepale. Asubuhi ukikutwa umeporomoka, tulijua kuna mtu kaficha neno moyoni, na sala ikarudiwa.

Tulipokuwa Wakristo tuliacha unga. Kusema makosa hatukuacha, maana hakuna aliyetuambia kwamba kwa Wadachi, hao Wajerumani waliotutawala, hilo ni jambo jingine. Padri alikuwa akimwombea Kaisari, mfalme wao, kila Jumapili kwa maneno yake mwenyewe, kazi yetu sisi ni kuitikia tu. Vita vya Maji Maji vilipozuka padri akakimbilia pwani, na ibada ikabaki mikononi mwa mume wangu, aliyekuwa mwalimu wa dini. Jumapili ya kwanza alipofika penye Kaisari, akamwombea kama anavyoombewa mkubwa. Akaanza na makosa: pamba tunayolimishwa kwa nguvu huku mtama wetu unamezwa na magugu, viboko, wanaume wanaofungwa minyororo kama mbwa. Kisha akamwombea hekima, na askari wake warudi kwao salama. Tuliitikia amina kwa nguvu, tukatoka kanisani tumeridhika kabisa. Nani angeona kosa hapo?

Mume wangu hakunywa yale maji ya dawa ya vita. Kaka yangu alikunywa, akauawa, nami nilimlilia kama anavyoliliwa shujaa, kwa sababu nchi aliyoipigania ilikuwa yangu pia. Lakini mume wangu alisema hawezi kumpiga mshale mtu anayemwombea. Basi askari walipokuja kuchoma maghala yetu, akida, yule mkubwa tuliyewekewa na serikali, akawaambia, "Huyu anamlaani Kaisari kanisani." Wakamfunga, wakamswaga hadi Lindi. Siku zile waliopelekwa bomani kwa kosa la uasi walinyongwa.

Niliwafuata kwa miguu, mtoto mgongoni. Mjini nilibisha hodi kwenye nyumba ya kwanza, akatoka bibi mmoja mjane, Mwislamu, hanijui simjui.

"Shikamoo, bibi. Nawatafuta watu walioletwa kutoka Nyangamara."

"Marahaba, mwanangu. Wako hai, nimewaona wakipita kuteka maji. Karibu ndani."

Nililia palepale mlangoni, bila haya. Akanikalisha kwake mpaka siku ya shauri ilipofika, na asubuhi yake akanivalisha kanga yake mpya na kuniwekea uji. Nikasema sina hamu. "Kunywa!" akanifokea. "Ukianguka kwa njaa mbele ya Mdachi, atadhani umemwogopa." Nikanywa.

Tulikwenda wote wawili. Bwana Mkubwa, yule Mdachi mwenye boma, alikaa nyuma ya meza yake barazani, mtu mwembamba, homa imemkausha, na Kiswahili akikijua barabara. Watu wa mji walijaa kusikiliza. Akida akatoa mashtaka yake. Mume wangu akaambiwa aiseme hiyo sala mwenyewe. Akafungua kinywa, masikini, kikatoka kikohozi kitupu. Kipigo na baridi ya gereza vilimmaliza sauti. Akajaribu tena, wapi! Bwana Mkubwa akapunga mkono ili aletwe mwingine, na ule mkono niliuelewa: mume wangu wa kunyongwa. Nikawasukuma watu nikapita.

"Bwana Mkubwa, sala hiyo naijua. Nitaisema mimi."

Askari akanidaka. "Mwache," akasema Bwana Mkubwa. "Aseme."

Haki ya Mungu, niliogopa. Halafu nikaiona shingo ya mume wangu, ngozi imechubuka chini ya chuma, na hasira ikanijia ikanisimamisha wima. Nikayasema yote. Pamba. Kiboko. Minyororo. Nikaongeza na maghala yaliyochomwa, kwa sababu watoto wetu walikuwa wanakula mizizi. Akida alikuwa anatabasamu tu, anaona najinyonga mwenyewe. Nikaendelea: "Sasa Mungu, wewe ndiwe unayewaweka na kuwaondoa wakubwa, na kwa leo umetupa huyu. Mpe masikio. Mpe usingizi. Na huyu bwana aliyekaa hapa, mrudishe kwa mama yake akiwa mzima, maana hakumzaa aje afe na homa zetu."

"Amina!" Alikuwa yule bibi. Kisha wafungwa wakaitikia, minyororo inalia, kisha wazee wa mji na kofia zao, Waislamu na sisi, amina moja kubwa iliyonisisimua mwili mzima.

Bwana Mkubwa akaniuliza, "Na wakubwa wenu mliwaombea hivi?"

"Ndiyo, bwana. Mkubwa tusiyemtaka hatumsemi kwa Mungu. Tunamnyamazia."

"Na waliokunywa maji, wanamsema Kaisari?"

"Hao wameshanyamaza, bwana."

Akamtazama akida, naye akida tabasamu likamkauka mdomoni. Kisha akasema mume wangu afunguliwe. "Lakini makosa ya Kaisari yasisikike tena kanisani. Umesikia?" Mume wangu akaitikia kwa kichwa. Nje, yule bibi alipiga kigelegele mpaka askari wa zamu akacheka. Nami nilimshika mume wangu mkono mchana kweupe, mbele za watu, jambo ambalo kwetu halikufanywa.

Jumapili tuliyofika nyumbani kanisa lilijaa hadi nje. Watu walikonda, wana majivu ya maghala kwenye nguo, lakini walikuja. Sauti ya mume wangu ilikuwa inakwaruza. Alipofika penye Kaisari akanyamaza, watu wote wakainua vichwa. Naye akaanza na makosa, moja baada ya jingine, hakuruka hata moja, na mwisho akaongeza jipya: kwamba Kaisari amekataza asisemwe. Niliitikia amina kwa sauti kubwa mpaka mtoto mgongoni akaamka.