Mpera wa Mwisho wa Okomo

"Ukiung'oa na huo, Baba Victor, mimi narudi kwetu Musoma!" Anyango alisimama mbele ya ndoo kama trafiki.

"Nisipoung'oa, nitajuaje kama mizizi ni mizima?" mumewe Okomo akamjibu.

Swali zuri sana hilo. Huyu mjukuu wangu ana kitalu cha miche hapa Buzuruga, na mpera anaupenda kweli: anaupanda, anaubembeleza, kisha anaung'oa auangalie miguu. Wa kulaumiwa ni minyoo fundo. Kwa macho huwaoni, ila wanaivimbisha mizizi mafundo mafundo mpaka mti unanyauka. Mpera wangu waliutesa hivyo hivyo, asubuhi moja nikaukuta umeanguka, umehamia kwa jirani Mashimba. Mapera yangu anakula yeye mpaka leo.

Basi Okomo akatafuta mpera ambao minyoo hawauwezi, aupandikizie juu yake vikonyo vya mpera mtamu. Akaupata Nyamagana, uani kwa Gangaben mwenye duka la vitambaa, wenye matunda madogo mekundu. Gangaben akampa mbegu kwa sharti moja: mche mmoja ni wake, maana mwanawe Pankaj alikuwa anaukata ule mti apate pa kuegesha gari.

Okomo akaotesha kwenye udongo wenye minyoo wengi kuliko wote, kila ndoo mpera na mnyanya. Mnyanya ukivimba mizizi na mpera usivimbe, dawa imepatikana. Akili nyingi, subira hana. Kila Jumapili akitoka kanisani anang'oa mpera mmoja achungulie. Akiurudisha, unakufa. Sasa umebaki huu, na mbegu zimeisha.

"Uache uzae," Anyango akasema. "Tutapata mbegu, utang'oa mpaka uchoke."

"Si nitakuwa mzee?"

"Kwani sasa ni kijana?"

Nikawaonea huruma. "Baba, ng'oa mnyanya tu," nikamshauri Okomo.

Akauvuta. Mizizi imevimba kama tangawizi! Na mpera nao ukaja, umekumbatiana na mwenzake.

"Bibi!" Anyango akanigeukia.

"Mizizi safi!" Okomo akaruka, mche juu, udongo ukimmwagikia kichwani. "Haina hata fundo moja! Ndio huu! Ndio huu!"

"Ndio ulikuwa huu," Anyango akasema. "Sasa miche mingine utaitoa wap—"

"Hodi!" Gangaben aliingia, amekumbatia chungu kipya cha maua. "Okomo, nimekuja kuchukua mpera wangu."