Kicheko Ndani ya Eda

Mume wangu alipozidiwa, mama yake alipanda treni kutoka Urambo akaja kunisaidia kumuuguza hapa Tabora mjini. Baada ya mazishi hakuondoka. Alibaki kukaa nami eda, na ni yeye aliyenibembeleza nile.

Alasiri moja tulikuwa uani tunamenya karanga, mimi, yeye na mdogo wangu wa kike. Mama akasimulia jinsi mume wangu, akiwa mtoto, alivyovunja mtungi akakimbilia kujificha ndani ya bani la kukaushia tumbaku. Baba yake alizunguka akimwita kwa upole wa uongo. Tumbaku ikamwingia mtoto puani, akaanza kupiga chafya mfululizo, na baba mtu akasimama mlangoni akiitikia, "Afya! Afya! Haya, sasa toka." Tulicheka mpaka mama akajifuta machozi kwa upindo wa kanga.

Mdogo wangu alikuwa anaturekodi. Jioni aliiweka video kwenye ukurasa wake na kuandika, "Dada yangu leo amecheka. Alhamdulillahi." Alifanya kwa furaha, simlaumu.

Kesho yake ukurasa mmoja wa umbea wa hapa mjini uliichukua. Walimkata mama na hadithi yake, wakaniacha mimi peke yangu ndani ya nguo nyeupe za eda, kinywa wazi. Juu wakaandika, "Mjane mchangamfu." Watu wakamiminika. Mmoja alisema udongo wa kaburi haujakauka. Mwingine alitaka kujua bwana mpya ni nani. Kisha mtu asiye na picha akaandika, "Aulizwe alimlisha nini marehemu," na maneno hayo ndiyo yaliyopendwa kuliko yote.

Mwenye eda hatoki. Ningekuwa natoka, ningekwenda sokoni nikawatazama watu usoni, nijue nani anaamini na nani haamini. Nilibaki na simu tu. Nilianza kujibu kwa adabu, nikaeleza ugonjwa wake, nikaishia kujibu kwa hasira. Kila nilichosema kiligeuzwa. "Mbona anajitetea sana?" Nilipofuta majibu yangu, wakasema naficha ushahidi. Niliwafungia mmoja mmoja, wakaja wengine.

"Zima simu, dada," mdogo wangu alisema huku analia. Alikuwa ameshaifuta video yake, lakini nakala zilikuwa zimeshatapakaa.

Nikazima. Nilidhani nimeuacha uchafu ule huko huko nje.

Asubuhi moja mama alirudi kutoka gengeni, akaketi kwenye mkeka bila kuvua viatu. Akawa anapanga na kupangua mboga zake.

"Mwanangu," akasema bila kunitazama, "zile dawa za mwisho, ulimpa wewe?"

Nikamgeukia. "Tulikuwa wote, mama. Wewe ndiye uliyemshika kichwa ili ameze."

"Ndiyo," akasema. "Ndiyo, nakumbuka." Akajifunika uso kwa kanga. "Wameniuliza mbele ya watu. Wameniuliza nilimzikaje mwanangu bila kuchunguza. Nisamehe."

Nilimkumbatia, nikamwambia nimemsamehe, na ni kweli. Lakini usingizi wa mchana, ambao eda ilikuwa imenizoesha, ulinipotea tangu siku hiyo.

Shemeji yangu alimtafuta mwenye ukurasa. Akamkuta kwenye kibanda chake cha kutengeneza simu, kijana mpole, aliyemkaribisha kiti na kumwamkia shikamoo. "Kaka, mimi sina ubaya na mjane wenu," alimwambia. "Watu ndio wanapenda vitu hivi." Aliposikia habari za polisi, akaifuta. Hakuomba radhi, wala hakuandika popote kwamba aliikata.

Eda iliisha, nikarudi kwenye cherehani yangu. Siku hizi nikitukanwa mtandaoni simjibu mtu. Natunza picha ya tusi, namfungia mhusika, naendelea kushona. Wateja wakiniuliza wafanyeje wakipatwa na hayo, huwaambia hivyo hivyo. Siwaambii kwamba inatosha.

Mama yuko Urambo. Hunipigia kila Ijumaa, na bado ananiita mwanangu. Tunapendana, hilo silitilii shaka. Ila akinyamaza kidogo kwenye simu, mimi nawahi kusema jambo lolote, la mvua au la jirani, asije akapata nafasi ya kuniuliza tena.