Siku Bi Hafidha Alipogoma Kutoka Majini

Bi Hafidha binti Isihaka hakuwahi kukaa darasani hata siku moja, na hilo halijawahi kumkosesha usingizi. Mwaka aliotakiwa kuandikishwa shule kule Naipingo, mwalimu alimfuata mtoni akamkuta na matope hadi kwapani, kang'ang'ania kambare aliyemzidi uzito. Mwalimu akavua viatu amsaidie kuvuta. Habari ya shule ikaishia hapo, maana yule kambare aliwaburuta wote wawili mpaka shamba la pili. Ndivyo anavyosimulia. Ukimwomba arudie, linakuwa shamba la tatu.

Alipoolewa upande wa Narung'ombe alikikuta kilindi cha Nakalonje, ndani ya msitu wa mtoni, mahali ambapo miti imefungana mpaka jua linaingia kwa kubisha hodi. Wakati wa masika mguu haugusi chini. Ikifika Oktoba, korosho zinaanguka na mto umekatika vipandevipande, maji ya Nakalonje hubaki ya mapajani na samaki wote hubanana humo kama karanga guniani. Hapo ndipo wanawake huwa na siku yao. Kila mmoja huja na tenga lisilo na kitako, hulikandamiza kwenye tope, kisha hupitisha mkono kwa juu kupapasa kilichonaswa. Kambare wa siku hiyo hukaushwa kwa moshi, na ndio kitoweo cha nyumba mpaka mboga za mvua ziote. Sharti lake ni moja. Mwanamke mkubwa kuliko wote ndiye anayetangulia kuingia, na mpaka atoke yeye, mwanamume hatii majini mguu wala kitu chochote. Mwaka wa tisa sasa, mkubwa ni Bi Hafidha.

Balaa alilileta kwa mdomo wake mwenyewe. Fidel, mnunuzi wa ufuta kutoka Nachingwea mjini, alipumzika kibarazani kwake akamrekodi kwa simu akieleza habari za mzee wa Nakalonje: kambare mwenye madoa ya chui, ambaye ndevu zake zinatosha kufungia mbuzi wawili na nyingine zikabaki. Aliwahi kummeza bata, bata akatoka na vifaranga. Fidel akairusha rekodi hiyo mtandaoni. Wengi walicheka, ila wapo ambao hawakucheka. Mwezi haujaisha, ikaja barua kutoka Dar es Salaam, ya chama cha watu wanaovua kwa mchezo, wale wanaomtoa samaki, wakampiga picha, wakamrudisha. Walimtaka huyo wa madoa.

Mtendaji wa kijiji, Modestus, mtu aliyehamishiwa pale kutoka mkoa mwingine hata mwaka hajamaliza, aliisoma barua ile mara tatu akiwa amesimama. Kesho yake akatangaza kwamba Nakalonje kinahifadhiwa kwa ajili ya wageni, matenga marufuku msimu mzima.

Wanawake wakamjia Bi Hafidha juu. Mwanne, mdogo wake wa tumbo moja, hakuzunguka: dada asimame mkutanoni akiri kwamba samaki hayupo, wageni wakose cha kufuata, mambo yaishe. Hata Modestus alikwisha kusema akifanya hivyo atawaandikia wasije.

"Sikiri," akasema Bi Hafidha. "Samaki yupo, na kilindi chetu."

"Na ugali watoto watautowelea nini, dada? Hilo domo lako?"

"Watautowelea kambare. Jumamosi njoo na tenga."

Jumamosi wageni walifika asubuhi, wanaume wawili na kiongozi wao Eva, mwanamke mrefu mwenye kofia pana, na fimbo za kuvulia zinazokunjwa kama miavuli. Wakamkuta Bi Hafidha katikati ya kilindi, khanga kaifunga kifuani, tenga liko kichwani. Wanawake wenzake walikaa wamejipanga ukingoni bila kuingia, wakiliogopa katazo.

Modestus akamwita atoke. Akajibiwa kwamba sauti inafika vizuri. Akabembeleza, kisha akataja polisi. Aliposogeza kiatu kuelekea maji, wanawake wote wakasimama kwa pamoja, naye akakirudisha kiatu chake. Mgeni mmoja akauliza kwa heshima kama anaweza kurusha ndoano upande wa pili tu. Bi Hafidha akamwambia arushe, ila ikimnasa yeye, afuate utaratibu wao: picha, kisha amrudishe alipomtoa.

Jua likapanda. Miguu ilianza kumfa ganzi na ruba walikuwa wamemjaa magotini, lakini hilo hakumwambia mtu. Alijua akitoka leo, mwakani hakuna atakayeingia, na wajukuu wa Mwanne watakuwa wakiomba kibali ofisini ili wale samaki wa mto wao.

Eva akachuchumaa ukingoni.

"Bibi, tuambie ukweli. Yupo au hayupo? Ukisema hayupo, tunafunga mizigo sasa hivi."

Mwanne alimkazia dada yake macho, akitikisa kichwa taratibu. Neno moja tu. Bi Hafidha alilifikiria. Wakiondoka kwa sababu samaki hayupo, basi siku akisikika mwingine watarudi, na kilindi kitakuwa chao tena.

"Yupo," akasema. "Kanilalia miguuni, anakoroma. Na hata wangekuwa kumi, kilindi ni cha wanawake. Wewe si mwanamke? Vua viatu uje umpapase mwenyewe. Hao wenzako watalinda kofia."

Eva alimtazama Modestus, akaitazama fimbo yake, kisha akakaa chini kufungua kamba za viatu. Mwanne akamrushia tenga. Alikandamiza tope, hola. Akakandamiza tena, hola. Mara ya tatu tenga likamrukaruka mikononi, akaingiza mkono, akapiga kelele, akatoa kambare mweusi wa urefu wa mkono, asiye na doa hata moja. Kwa mazoea akainama amrudishe. Bi Hafidha akamdaka kiwiko.

"Huku kwetu ukimshika unamla."

Wanawake wakaingia wote. Hakuna aliyemtazama mtendaji usoni. Jioni, mikono ikinuka moshi, Eva alisema mbele ya watu kwamba chama chao hakitatupa ndoano Nakalonje mwezi wa Oktoba, labda wanawake wawaite.

Wiki iliyofuata Modestus alikuja na karatasi. Mwanne akaisoma kwa sauti: kilindi cha Nakalonje ni cha wanawake kila Oktoba, wageni waje miezi mingine. Kidau cha wino kikafunguliwa, Bi Hafidha akanyoosha dole gumba, halafu akalikunja.

"Mbona samaki sijamsikia?"

"Bibi, hii ni karatasi ya serikali. Siwezi kuandika samaki ambaye hakuna aliyemwona."

Bi Hafidha akauficha mkono kwapani. Mwanne akainamia mapajani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Wakakaa hivyo mpaka kuku wakazoea kuwapita miguuni. Mwisho Modestus akashusha pumzi, akachukua kalamu, akauliza samaki huyo ana urefu gani.

Bi Hafidha akaipima ile karatasi kwa jicho.

"Hiyo haitoshi, mwanangu. Ongeza nyingine."