Mama Epifania na Sikio la Mwalimu

Epifania Sulca alifukuzwa mafundisho ya komunyo ya kwanza akiwa na miaka tisa, na sababu ilikuwa pua. Aliifinyanga kwa udongo, akaiacha juu ya meza ya padri, na darasa zima likajua ni ya nani kabla mwenyewe hajaingia. Alipoulizwa kama anatubu alijibu, "Natubu, baba, lakini pua ni yako." Baba yake mzazi, mfinyanzi kama nusu ya watu wa kijiji chetu cha Quinua, alimchapa mchana. Jioni akamwomba aifinyange tena, naye aione.

Mimi nimeishi naye ukuta kwa ukuta miaka ishirini na sita, na mingi ya hiyo nimekuwa nikimkandia udongo. Ukimkosea hakujibu. Anatabasamu tu, anakutazama masikio, kisha anarudi kazini. Hapo ndipo uanze kuogopa.

Kazi yake ni makanisa ya paa. Kwetu nyumba haijaisha mpaka kanisa dogo la udongo likae juu ya vigae, na wa kulileta si mwenye nyumba, ni msimamizi wa paa, anayechaguliwa kwa heshima kama msimamizi wa ubatizo. Mwaka mmoja kijana aitwaye Eleodoro Palomino alimaliza nyumba yake mjini Huamanga, akamteua baba yake mkubwa, Mwalimu Nicanor.

Mwalimu Nicanor alifundisha jometri miaka thelathini na minne. Yeye alistaafu, jometri haikustaafu. Alipanda kwetu Jumapili moja na mkewe, Hermelinda, kavaa suti ya kahawia, akaanza kupita uani akiyakagua makanisa yaliyoanikwa juani, moja baada ya jingine, uso umekunjamana.

"Mama, makanisa yako yamepinda."

"Yamepinda, mwalimu."

"Yote."

"Yote. La kunyooka lingeonewa na wenzake."

Hermelinda alicheka, akageuza kicheko kuwa kikohozi. Mwalimu akatoa timazi mfukoni, akaining'iniza kando ya mnara mmoja, akatuonyesha kosa kama daktari anavyoonyesha kidonda. Akasema Huamanga imejaa makanisa na hakuna hata moja lililolewa. Kisha akampa Epifania karatasi aliyoichora mwenyewe, urefu, upana, hadi unene wa mlango.

"Mimi nataka usahihi. Usahihi unaujua?"

"Nimewahi kuusikia."

"Basi fuata. Kila kitu kama kilivyo."

"Kila kitu kama kilivyo," Epifania alirudia taratibu, huku akimtazama sikio.

Nikaacha kukanda.

Kanisa lilitoka limenyooka kuliko kitu chochote kilichowahi kutoka katika tanuri lile. Minara miwili kama mishumaa mipya. Ila katikati ya minara, pale ambapo kwa kawaida huweka saa, Epifania aliweka kichwa cha ukubwa wa chungwa. Nyusi moja ilikuwa juu, kidevu kimechongoka, mdomo wazi, vile vile Mwalimu Nicanor anavyoufungua anapotaka kukukosoa.

"Dada, huyu atakushtaki," nilimwambia.

"Kwa kosa gani? Alisema kila kitu kama kilivyo. Mimi nimeacha nini?"

Tulilifunga kwa majani makavu, kukabaki misalaba tu, tukashuka nalo Huamanga juu ya lori la viazi. Epifania haupendi mji. Anasema watu wa kule wanatembea kama waliosahau chungu motoni. Lakini siku hiyo alivaa kofia yake yenye maua na sketi tatu, na njia nzima alikuwa anaimba.

Nyumba ya Eleodoro ilikuwa imejaa. Palikuwa na kinubi na fidla, mapipa ya chicha, pombe yetu ya mahindi, na sufuria za mchuzi mwekundu wa viazi na karanga. Mwalimu Nicanor alikuwa ameiacha miwani nyumbani kwa sababu ya picha. Alisema inamzeesha. Mafundi wakalipandisha kanisa, wakalikaza kwa udongo mbichi, na huko huko juu wakalivua majani.

Watu wote wakakodoa macho juu. Mtu mmoja akapaliwa na chicha. Mwalimu akadhani watu wameguswa, akapanda juu ya benchi.

"Ndugu zangu, tazameni juu. Mnaona nini?"

Watu wakatazamana.

"Mnaona unyoofu. Mtu akiwa mnyoofu, hahitaji kujificha."

Kila alipofungua kinywa, watu walitazama juu, wakatazama chini, wakatazama tena juu. Mpiga fidla akageukia ukuta. Eleodoro, mwenye sherehe yake, alisema anakwenda kuwaangalia nguruwe, na nguruwe hana. Hermelinda peke yake aliendelea kula kwa utulivu. Mumewe aliposhuka alimfutia bega vumbi.

"Hotuba nzuri, mume wangu. Na huyo wa juu nadhani anakuunga mkono."

Mwalimu akafanya ishara ya msalaba. Nilitoka nje nikakaa kwenye rundo la vigae mpaka mbavu ziliponiachia. Epifania alikuwa ameshakaa pale, machozi yanamtiririka, kofia imemwangukia mapajani.

Jumanne Mwalimu Nicanor alikuja Quinua, peke yake, amevaa miwani. Ghafla majirani wote wakapata shughuli kando ya ukuta wetu.

"Wewe mwanamke, umeniweka juu ya paa."

"Nimekuweka, mwalimu."

"Watoto wakienda shule wanakisalimia kile kichwa. Shikamoo mwalimu! Wanauamkia udongo."

"Kinaitikia?"

"Epifania, usinichezee."

Epifania alimshushia kutoka rafuni kichwa cha majaribio, kile alichokifinyanga kabla ya kufinyanga cha kanisa, akamtia mikononi. Mwalimu alikigeuzageuza. Nilisogeza miguu, maana nilijua kitarushwa. Hakukirusha. Aliingiza mkono ndani ya koti, akatoa rula.

"Sikio la kushoto," alisema.

"Lina nini?"

"Langu liko chini kuliko la kulia. Wewe umeyaweka sawa." Akajipima, akakipima kichwa, akajipima tena. "Milimita sita. Na pua umenipendelea."

Nilimgeukia mwenzangu nicheke naye, nikakuta hacheki. Uso ulikuwa umemwiva. Tangu nimfahamu, padri na polisi wamemgombeza asijali, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba amekosea sura ya mtu, tena kweli.

"Kaa," alisema, akamvutia kigoda. "Vua kofia."

Mwalimu alikuja kukaa Jumanne tatu. Waligombana juu ya kidevu, juu ya mikunjo ya paji la uso, juu ya nani amemkatiza mwenzake. Epifania alimfokea asitikisike, naye alimfokea Epifania kwamba anapima kwa jicho kama mwizi. Saa sita walikunywa supu ya viazi, kisha wakarudi kwenye ugomvi pale walipouacha.

Kichwa kipya, cha ukubwa wa kichwa chake mwenyewe, kilitoka sahihi kabisa, na kibaya zaidi ya kile cha paa. Mwalimu alikitazama kwa fahari, akakibeba nyumbani akiweke juu ya paa lake. Alikirudisha kesho yake.

"Hermelinda amekataa," alisema. "Anasema mmoja wa kufungua mdomo anamtosha."

Kile cha paa nacho hakikushuka. Eleodoro hakutaka hata kusikia, kwa kuwa mtaa mzima sasa unaelekeza wageni kwa kichwa hicho. Hivyo kile sahihi kimebaki jikoni kwa Epifania, kando ya jiko, na haikupita wiki mdomo ule ulio wazi ukawa unatunza miiko na vijiko vya mti.

Mwalimu bado anapanda kwetu, siku akijisikia. Anachomoa kijiko, anakula supu yake, anakiosha, anakirudisha mdomoni, kisha anasema vijiko hivi vingepangwa kwa urefu.

"Vipange," anasema Epifania.

Naye anakaa anavipanga.